Mtumba au dukani, lami au mchanga, kilomita 5 au 21: ulinganisho kwa anayekimbia kwa afya na raha

Mtu mwenye laki moja ya Kitanzania mfukoni na nia ya kuanza kukimbia ana njia tatu. Anaweza kwenda kwenye mitumba, Karume jijini Dar es Salaam au Memorial pale Moshi, akachambua mafungu hadi apate raba iliyotumika ya kampuni inayojulikana. Anaweza kuingia duka la mtaani akatoka na raba mpya inayong'aa, yenye nembo kubwa ubavuni, ambayo kwa bei hiyo karibu hakika ni feki. Au asubiri, aongeze fedha, anunue orijino mpya. Uamuzi huo ukishapita yanafuata mengine: soli nene au nyembamba, kukimbilia wapi, kuanza kwa kukimbia mfululizo au kuchanganya na kutembea, na mwishowe kujiwekea lengo gani. Tumeyapanga kwa mfuatano ambao mkimbiaji hukutana nayo, na kila mahali tumesema tunaegemea upande upi na kwa nini.

## Mtumba, feki na orijino mpya

Kabla ya kulinganisha, jua unanunua nini. Raba ya kukimbilia ina sehemu tatu za maana: kitambaa cha juu kinachoshika mguu, mpira mgumu wa chini unaokamata ardhi, na katikati yao sponji ya soli. Hiyo sponji ndiyo unayoilipia. Mkimbiaji wa mwendo wa kawaida hupiga zaidi ya hatua elfu moja kwa kila kilomita, na kila hatua inatua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Sponji ikifa, kishindo kinahamia kwenye ugoko, goti na kiuno.

Feki hufeli hapo hapo kwenye sponji. Kwa macho inafanana na orijino, ila ndani ina sponji ya bei ya chini: ama ngumu kama kandambili tangu siku ya kwanza, ama laini inayobonyea na kutorudi baada ya wiki chache. Kikombe cha kisigino mara nyingi ni kadibodi, kikilowa jasho kinakunjika na kuanza kukata mguu. Gundi nayo huachia mapema, hasa ncha ya mbele. Kuitambua, angalia kibandiko kidogo kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu. Kina namba ya toleo la kiatu hicho. Iandike kwenye simu uitafute mtandaoni. Ikikuletea kiatu cha umbo jingine kabisa, rudisha raba kwenye rafu.

Mtumba una sponji ya kweli, lakini hujui imebakiza umri gani. Hapa ndipo jicho linapohitajika, kwa sababu wauzaji wengi huosha, hupaka rangi nyeupe pembeni na kubadilisha kamba, na kiatu cha miaka kumi kinaonekana cha mwezi uliopita. Ukaguzi uende hivi:

1. Soma kibandiko cha ulimi. Kampuni nyingi huandika tarehe ya kutengenezwa. Kumbuka Wamarekani hutanguliza mwezi: 03/11/22 ni tarehe 11 Machi 2022. Kiatu kilichopita miaka sita au saba kina hatari ya gundi na sponji kuoza hata kama hakijavaliwa sana.
2. Weka raba zote mbili juu ya meza au ubao ulionyooka, kisha zitazame kutoka nyuma, macho yakiwa usawa wa kisigino. Kiatu kikiegemea ndani au nje, kimekunjwa na mwendo wa mwenye kwanza. Ukikivaa unarithi mwegemeo huo, na goti lako ndilo litakalokuambia baada ya majuma mawili.
3. Angalia ubavu wa sponji chini ya kisigino na chini ya kiganja cha mguu. Mikunjo mingi ya mlalo, iliyobana kama ngozi ya uso wa mzee, inaonyesha sponji imeshalala. Bonyeza kwa dole gumba: inatakiwa iingie kidogo na kurudi. Ikikataa kuingia imekauka. Ikibaki imebonyea imechoka. Ikimeguka kama mkate mkavu, ondoka hapo.
4. Kunja kiatu kwa mikono miwili. Raba ya kukimbilia hukunjika pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama kitabu, au isikunjike kabisa, ni ya mtindo, ya tenisi au ya mpira wa kikapu. Hizi ndizo zinazowadanganya wengi mitumbani, kwa sababu nembo ni zile zile.
5. Toa insoli, ile pedi ya ndani inayokanyagwa na unyayo. Alama nzito ya vidole iliyozama, au kitambaa cha ndani cha kisigino kilichotoboka, ni kiatu kilichokwisha kazi yake.

Orijino mpya haina fumbo. Kwa kawaida sponji yake inadumu kati ya kilomita 500 na 800; mkimbiaji mzito au anayekimbia lami tupu atakuwa karibu na 500. Njia ya haki ya kulinganisha bei ni kuigawa kwa kilomita. Tuseme mtumba umeupata kwa shilingi 60,000 na umebakiza kilomita 300: unalipa shilingi 200 kwa kilomita. Orijino ya 280,000 ikidumu kilomita 700 ni shilingi 400. Feki ya 70,000 inayokufa baada ya kilomita 100 ni shilingi 700, na bado hujahesabu maumivu. Weka namba zako mwenyewe, lakini mpangilio huo haubadiliki kirahisi.

Kwa anayeanza, anayekimbia chini ya kilomita 20 kwa wiki, tunaegemea mtumba uliokaguliwa vizuri. Akivuka hapo, au akiwa na uzito mkubwa, orijino mpya inaanza kustahili bei yake, kwa sababu unaanza kuhesabu kilomita kutoka sifuri na unajua lini uibadilishe. Feki mpya hatuishauri kwa yeyote. Ni afadhali utembee kwa kasi miezi miwili huku unadunduliza.

## Kipimo kinatangulia nembo

Namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Pima mguu wenyewe: jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama unavyovimba ukikimbia, simama juu ya karatasi iliyogusa ukuta, kisigino ukutani, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili, chukua ule mrefu, ongeza sentimita moja hivi. Kwenye kibandiko, karibu na namba za Ulaya, Uingereza na Marekani, mara nyingi kuna kipimo cha sentimita. Hicho ndicho cha kulinganisha.

Kiatu kifupi huua kucha: ukiteremka mlima mguu unateleza mbele, kucha inagonga, inakuwa nyeusi, baadaye inang'oka. Kiatu kipana kisigino huleta malengelenge. Wanawake wanaochagua kwenye mafungu ya wanaume wajue kwamba namba ya Marekani ya mwanamke ni kubwa kwa takriban moja na nusu kuliko ya mwanamume kwa mguu ule ule: 8 ya mwanamke ni kama 6.5 ya mwanamume, na kiatu cha kiume kwa kawaida ni kipana zaidi nyuma. Kisigino kikicheza kidogo, tumia lile tundu la ziada la juu kabisa ambalo wengi huliacha wazi. Ingiza kamba upande ule ule ili ifanye kitanzi, kisha pitisha ncha ya kila upande kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino kinatulia bila kubana mgongo wa mguu.

Soksi za pamba tupu zinakunywa jasho na kukaa nalo. Za nailoni au poliesta hukauka haraka na hupunguza malengelenge, na bei si mbali.

## Soli nene, soli nyembamba, bamba la kaboni

Muuzaji atakuambia soli nene ndiyo nzuri. Mwingine atakukumbusha kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna anayekujibu wewe.

Soli nene hupunguza uchovu wa nyayo kwenye lami na inasamehe makosa ya mwendo. Ubaya wake ni kuyumba: kwenye njia ya mawe au yenye mashimo, kifundo kinapinduka kirahisi kwa sababu umesimama juu. Soli nyembamba inakupa hisia ya ardhi na uthabiti, lakini inadai mashavu ya miguu na nyayo zenye nguvu. Mtoto aliyekua akikimbia pekupeku kwenda shule anazo. Mtu wa miaka arobaini aliyevaa viatu vya ofisi miaka ishirini hana, na akihamia soli nyembamba ghafla huishia na maumivu ya kano ya kisigino au mpasuko mdogo wa mfupa wa mguu. Anayetaka kuhamia, aanze na kilomita moja mara mbili kwa wiki, aongeze polepole kwa miezi mitatu.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji wachache hukitaja: dropu, yaani kimo cha kisigino kinavyozidi kile cha mbele, kwa milimita. Raba nyingi za kawaida zina 8 hadi 12. Za chini zina 0 hadi 4. Dropu kubwa hupunguza kazi ya mashavu ya miguu na kano ya kisigino na kuongeza mzigo wa goti. Dropu ndogo hufanya kinyume. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni wapi unaumia kwa kawaida. Mwenye historia ya kano ya kisigino asikimbilie dropu ndogo. Mwenye goti linalolalamika anaweza kupata nafuu akishuka kidogo, tuseme kutoka 10 hadi 6.

Bamba la kaboni, yaani kipande kigumu chembamba kinachowekwa ndani ya sponji ya soli, ni habari nyingine. Eliud Kipchoge alivaa viatu vya aina hiyo alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 2019, na tangu hapo kila mtu anavitaka. Shirikisho la riadha duniani limeweka kikomo: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40 na bamba lisizidi moja. Kwa anayekimbia kilomita moja kwa dakika saba, faida ni ndogo, sponji yake inachoka mapema kuliko ya raba ya kawaida, na bei ni mara mbili au zaidi. Fedha hizo zinatosha raba mbili nzuri za kupokezana, moja ikikauka nyingine ikifanya kazi.

Kuhusu kuchagua kiatu kwa umbo la unyayo, mwenye unyayo bapa apewe hiki na wa upinde apewe kile: jeshi la Marekani lilijaribu kuwagawia askari wapya viatu kwa mtindo huo na majeraha hayakupungua kwa maana yoyote. Tunachokiamini zaidi ni hiki: vaa zote mbili, kimbia mita hamsini nje ya kibanda, na chukua ile unayoisahau mguuni.

## Lami, vumbi, mchanga, uwanja

Lami ni ngumu lakini inatabirika, na mbio nyingi hufanyika juu yake. Tatizo lake ni magari na mwinamo. Barabara zetu zimeinama pembeni ili maji yatoke. Ukikimbia ukingo ule ule kila siku, mguu mmoja unafanya kazi kama mfupi, na maumivu ya upande wa nje wa goti au nyonga yanaanza. Kimbia ukiyakabili magari, lakini pale penye usalama, kama njia ya waenda kwa miguu, badilisha upande. Alfajiri kabla ya saa kumi na mbili vaa rangi nyeupe au kizibao kinachong'aa.

Barabara ya vumbi ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa mazoezi ya kila siku. Iten, mji wa Kenya ulio mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na wenye wakimbiaji wengi kuliko miji mingi mikubwa, umejengwa juu ya njia za udongo mwekundu. Udongo unapokea kishindo kidogo, na kutokuwa sawa kwake kunaimarisha vifundo. Ubaya ni matope ya masika na mawe yaliyofichika. Raba yenye meno madogo chini inatosha. Meno makubwa ya milimani yanaisha haraka ukilazimika kuvuka lami. Wakazi wa Nairobi wana njia za msitu wa Karura, ambazo zina faida hizo bila pikipiki.

Mchanga unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu wa pwani wengi huanzia ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, au Nyali, Mombasa, na kuumia bila kujua sababu. Mchanga mkavu ni mzito: kisigino kinazama, kano na mashavu ya miguu yanavutwa kupita kiasi. Kilomita mbili humo ni kazi ya kilomita tatu au nne za barabarani. Mchanga ulioloa, mgumu, unaoachwa na maji kupwa, ni mzuri sana, ila nao umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo nenda na kurudi njia ile ile ili miguu ipokezane. Na ujue maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, pwani yetu hujaa alfajiri na kupwa kwenye saa nne asubuhi hivi, jua limeshakuwa kali. Ukienda saa kumi na mbili siku hizo utakuta ukanda mwembamba wa mchanga laini tu. Wakati wa maji kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, basi mtu anayetazama mwezi anaweza kupanga wiki yake mapema. Pekupeku ufukweni, dakika kumi mwanzoni zinatosha, na macho chini: vioo na miba ya viumbe vya baharini havitoi onyo.

Uwanja wa riadha una mita 400 kwa mzunguko kwenye mstari wa kwanza pekee. Mstari wa nane ni kama mita 453. Anayehesabu mizunguko 12 na nusu kwenye mstari wa nje akidhani amekimbia kilomita 5 amekimbia zaidi ya kilomita 5.6. Kwa kupima kasi, hakuna mahali bora. Kwa mbio ndefu, kona za upande mmoja zinachosha goti, geuza mwelekeo katikati kama uwanja hauna watu.

## Kukimbia mfululizo au kuchanganya na kutembea

Wengi huanza kwa mtindo wa mchakamchaka wa shuleni: kukimbia hadi pumzi ikatike, kesho kurudia, siku ya tatu ugoko unauma, wiki ya pili basi. Moyo na mapafu hujirekebisha kwa wiki chache. Mifupa na kano zinahitaji miezi. Pumzi inapokuruhusu kuongeza, mfupa bado haujakubali, na hapo ndipo maumivu ya ugoko huzaliwa.

Kuchanganya ni bora kwa karibu kila anayeanza baada ya miaka ya kukaa. Mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana. Tembea dakika tano kupasha mwili. Kisha wiki mbili za kwanza: kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane. Wiki ya tatu na ya nne: kimbia 2, tembea 2, mara sita. Ya tano na ya sita: kimbia 4, tembea 2, mara tano. Ya saba: kimbia 8, tembea 2, mara tatu. Ya nane: kimbia 12, tembea 2, mara mbili. Ya tisa na ya kumi: dakika 25 hadi 30 bila kusimama. Wiki ikikushinda, irudie. Mpango huu hauharibiki kwa kurudia.

Kasi iwe ile ambayo unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa kuongea, umeenda mbio mno. Kukimbia mfululizo tangu mwanzo kunawafaa waliokuwa wakicheza mpira hadi hivi karibuni, na hata wao wakumbuke kwamba mpira una vituo vingi.

Kuhusu kwenda peke yako au na kikundi: vikundi vya joging vya mitaani, vile vinavyoimba Jumapili asubuhi, vina nguvu moja ambayo mpango wowote wa karatasi hauna, watu watakuulizia usipofika. Udhaifu ni kasi. Kikundi huenda mwendo wa walio mbele, na anayeanza hujikuta kila wiki anakimbia kwa nguvu zote. Fanya moja ya kikundi na mbili za peke yako, na siku ya kikundi kaa nyuma bila aibu.

## Umbali gani uwe lengo

Jedwali hili ni kwa mtu aliyeanza kutoka sifuri, na safu mbili za mwisho zinatumia kanuni ya mhandisi Mmarekani Peter Riegel, inayokadiria muda wa umbali mrefu kutokana na mfupi.

| Umbali | Maandalizi | Kilomita kwa wiki, kilele | Mbio ndefu ya mazoezi | Mwenye km 5 kwa dakika 30 | Mwenye km 5 kwa dakika 35 |
|---|---|---|---|---|---|
| km 5 | wiki 8–10 | 12–15 | km 5 | 30:00 | 35:00 |
| km 10 | wiki 14–16 | 20–25 | km 10 | saa 1:03 | saa 1:13 |
| km 21.1 | miezi 6–9 | 30–40 | km 16–18 | saa 2:18 | saa 2:41 |
| km 42.195 | mwaka 1 na zaidi | 45–60 | km 28–32 | saa 4:48 | saa 5:36 |

Mstari wa marathoni usomwe kwa tahadhari. Kanuni inadhani umefanya mazoezi ya umbali huo. Anayekimbia kilomita 25 kwa wiki ataongeza nusu saa hadi saa nzima juu ya makadirio, nyingi zikitoka baada ya kilomita ya 30, sukari iliyohifadhiwa misulini inapokwisha.

Kilomita 5 wengi huiona ndogo, kwa sababu matangazo huiita mbio za kujifurahisha na kuiweka chini ya bango. Sisi tunaithamini sana. Unaweza kuipima kila mwezi, unapona kwa siku tatu au nne, na kila dakika unayoipunguza inakuja na faida kwenye umbali mwingine wote. Kilomita 10 ndiyo chaguo letu kwa mwaka wa kwanza: ni ndefu ya kutosha kudai mpango, fupi ya kutosha kutovuruga kazi na familia. Nusu marathoni ni uzuri wa mwaka wa pili. Marathoni katika mwaka wa kwanza inawezekana kwa wachache, lakini wengi huimaliza wakitembea na hawarudi tena barabarani kwa miezi, na hilo linatusikitisha kuliko mtu kuchelewa mwaka mmoja.

Kwenye 5 na 10 huhitaji kula njiani. Maji kidogo yanatosha. Kuanzia 21, na hasa kwenye joto la pwani, panga chumvi na sukari. Kichanganyio cha nyumbani ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe. Kunywa unapohisi kiu. Kujilazimisha lita nyingi za maji matupu kunapunguza chumvi ya damu, na mtu huanguka akidhaniwa amekosa maji. Asubuhi ya mbio kula ulichokizoea saa mbili au tatu kabla: uji, ndizi, mkate na chai. Maharage na pilipili ya jana usiku ni kosa ambalo linaonekana kilomita ya nane. Mapaja, kwapa na chuchu vipakwe mafuta ya mgando.

## Kumaliza, muda, au siku

Lengo la kumaliza linafaa mara ya kwanza katika umbali wowote. Linakuachia nafasi ya kujifunza njia na mwili.

Lengo la muda linanoa zaidi, lakini linganisha vinavyolinganishika. Dakika 30 za Dar es Salaam, usawa wa bahari, si dakika 30 za Arusha iliyo kama mita 1,400 wala za Nairobi iliyo karibu 1,700, ambako hewa nyepesi inakupunguza kasi. Pwani nayo ina joto na unyevu, hasa Desemba hadi Machi, na mtu huyo huyo hukimbia vizuri zaidi Julai bila kuwa ameongeza nguvu. Njia pia: nusu marathoni ya Kilimanjaro Moshi hupanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka, basi anayeweka lengo kwa kunakili muda wa njia tambarare anajidhulumu. Jiwekee ngazi tatu kabla ya siku: muda wa siku ikiwa njema, muda wa siku ya kawaida, na kumaliza ukiwa mzima. Kasi ziandike mkononi kwa kalamu. Kilomita 10 kwa saa moja ni dakika 6:00 kwa kilomita. Nusu marathoni kwa saa mbili ni 5:41. Kwa saa mbili na nusu ni 7:06. Kilomita mbili za kwanza ziwe polepole kwa sekunde 10 hivi kuliko kasi hiyo. Umati unapoondoka, kila mtu anavutwa, na deni hulipwa mwishoni.

Lengo la siku, yaani "mara tatu kila wiki hadi Desemba", halina medali, na ndilo tunalolipa uzito wa kwanza kwa anayekimbia kwa afya. Haliathiriwi na jua, mlima wala simu inayopima umbali vibaya katikati ya maghorofa. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Ukikosa moja, usifidie kwa kuunganisha siku mbili ngumu, iache ipite.

Lengo lolote lisimame mbele ya maumivu ya aina tatu: ya mfupa unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayokufanya uchechemee, na yanayozidi kila unapoendelea kukimbia. Ugumu wa misuli wa siku ya pili, ulioenea pande zote mbili, ni wa kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yasiyotulia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza ya mpango.

Baada ya mbio, pumzika mazoezi magumu siku tatu au nne kwa kilomita 5, wiki moja kwa 10, wiki mbili kwa 21 na karibu mwezi kwa 42. Muda huo kagua raba zako kwa dole gumba kama ulivyokagua zile za fungu.